Leza na haja ya mtoto katika ndoa

Katika bonde la Kilombero mpunga ndio hazina ya nyumba nyingi. Mume na mke wa Ifakara waliokosa mtoto, wakifikia kuuza magunia au hata shamba ili wakatungishiwe mimba maabara, yawapasa wajue wanacholipia.

Yai la mke na mbegu ya mume vikishakutanishwa, hupatikana kiinitete kilichozungukwa na ganda jembamba. Hakina budi kulitoka ganda hilo ndipo kijishikize katika mji wa mimba. Wapo wataalamu wanaolitoboa au kulipunguza unene kwa miale ya leza.

Kisheria, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu utungishaji huu penye haja, baina ya mume na mke walio ndani ya ndoa. Likaharimisha mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu, nasaba isichanganyike. Leza haichanganyi nasaba, hivyo twaihesabu kuwa ni tiba.

Lakini tiba huulizwa faida yake. Haijathibitika kwamba leza huongeza idadi ya watoto wanaozaliwa hai, na mwaka 2022 jumuiya ya Marekani ya tiba ya uzazi ilishauri isipendekezwe kwa kila mgonjwa.

Basi twawanasihi: mpimwe nyote wawili, mke asibebeshwe lawama peke yake, na kabla ya kulipia leza, mwulizeni daktari itawafaa nini ninyi. Nabii Zakariya, amani iwe juu yake, hakuacha kuomba hata uzeeni.

Wallahu a'lam.