Maji ya radiateri yanapungua, lakini chini ya motokari pakavu

Hapa Kamatanda mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi sana. Shofere aliyepakia mboga za koperativi usiku kuelekea Lubumbashi, safari ya kilometa karibu 120, anawasha shofaji. Mara harufu ya sukari-sukari inajaa ndani ya kabini, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafuta-mafuta. Wengi wanapanguza kioo na kuendelea. Kumbe motokari inaomba fundi.

Nyuma ya dashibodi muko radiateri ndogo ya shofaji. Maji ya moto kutoka moteri yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa, joto linakuja miguuni. Ikitoboka, maji yanaingia chini ya kapeti. Ndiyo maana mutu anachungulia chini ya moteri na haoni hata tone.

Namna ya kuhakikisha

1. Moteri ikiwa baridi, jaza maji mpaka alama. Usifungue kifuniko cha radiateri moteri ikiwa moto: maji yataruka na kukuunguza.
2. Inua kapeti upande wa abiria na katikati. Gandamiza kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya antijeli, utelezi na harufu tamu, radiateri ndogo ao tiyo zake zinavuja.
3. Maji safi, yasiyo na harufu? Pengine ni ya mvua ao ya klima.
4. Kapeti kavu, moshi mweupe mwingi unatoka nyuma, oili imekuwa kama maziwa? Hapo ugonjwa uko ndani ya moteri yenyewe. Simamisha motokari.

Mavuno yakiwa tayari

Kubadilisha radiateri hii mara nyingi kunaomba kufungua dashibodi, kazi ya siku nzima ao zaidi. Kama mboga zinangoja, fundi anaweza kuchomoa tiyo mbili za shofaji upande wa moteri, aziunganishe zenyewe kwa kipande cha bomba na vikaza imara, kisha atoe hewa yote ndani ya maji. Shofere atasikia baridi, lakini moteri itakuwa salama. Usimwage yai wala unga ndani ya radiateri: vinaziba njia nyembamba, hata za radiateri kubwa.

Maji matupu, zaidi yale ya mtoni ao ya karibu na machimbo, yanaleta kutu na kula chuma. Tumia antijeli na maji safi. Lakini antijeli nyingi ni sumu tamu: mutoto, imbwa ao mbuzi akiinywa, anaweza kufa. Usiimwage kwenye mufereji wa bustani, wala usiitie ndani ya chupa ya kunywea.

Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moteri, shofere apime maji na kuandika ndani ya daftari ya motokari. Yakipungua siku mbili mfululizo, ajulishe komite. Radiateri ndogo ina bei, lakini moteri iliyoungua inakula faida ya musimu muzima.