Vigelegele Hewani: Hadhira Nayo Ipewe Vipaza Sauti

Mtu aliyekuwa ukumbini jana usiku huja kazini akisifu: bendi ilipiga, watu walisimama, vigelegele havikukatika. Mwenzake aliyelitazama onesho hilo hilo kwenye televisheni humsikiliza kwa mshangao. Yeye alimsikia mwimbaji peke yake, sauti kavu iliyo mbele mno, ngoma zikiwa mbali kama zinapigwa nyumba ya pili, na kila wimbo ulipokwisha, kimya. Wote wawili wanasema kweli. Walisikia sauti iliyochanganywa kwa ajili ya mmoja wao tu.

Kazi ya fundi mitambo wa matangazo mubashara ni kumhudumia yule asiyekuwepo. Ninaifanya kazi hii, na sehemu yake inayodharauliwa kuliko zote ni sauti ya hadhira. Wanamuziki hupangiwa vipaza sauti 20 au 30, kila ala na chake, kisha watu mia nane walioko mbele ya jukwaa huachiwa kimoja kilichobaki, au hawapewi kabisa. Matokeo yake ni tamasha linalosikika kama mazoezi.

Sauti ya ukumbini haitoshi nyumbani

Fundi wa ukumbini hachanganyi muziki wote. Anajazia palipopungua. Drams zinazopigwa kwa nguvu hatua chache kutoka kwa watu huwafikia zenyewe, na gita lenye amplifaya yake jukwaani halihitaji msaada mkubwa. Kwa hiyo spika kubwa za ukumbi humbeba zaidi mwimbaji, pamoja na ala zenye sauti ndogo. Ukichomeka waya kwenye mikisa ya ukumbi na kuupeleka moja kwa moja hewani, mtazamaji anapata kile tu kilichoongezwa. Kile ambacho watu walikisikia kwa masikio yao bila kupitia spika hakimo.

Dawa yake inajulikana. Waya wa kila kipaza sauti hupitishwa kwenye sanduku la kugawia lililo pembeni mwa jukwaa. Njia moja huenda kwa fundi wa ukumbi, ya pili kwa fundi wa monita za wanamuziki, na ya tatu kwenye gari la matangazo. Huko ndani kuna fundi mwingine, aliyejifungia asilisikie jukwaa lenyewe, akichanganya kila kitu upya kwa ajili ya sebule na simu. Spika ya simu haitoi sauti nzito za chini, kwa hiyo gita la besi lazima lipewe uhai katika sauti zake za juu, ama halitasikika kabisa. Ukubwa wa sauti nao una kanuni zake: watangazaji wengi wa Ulaya wanafuata pendekezo la mwaka 2010 la umoja wao, EBU, liitwalo R 128, linalotaka wastani wa kipindi kizima uwe -23 LUFS, yaani vizio 23 chini ya kilele cha mtambo. Kwa kuwa kinachopimwa ni wastani, shangwe ya sekunde kumi ina nafasi ya kupanda bila kuvunja kanuni.

Kofi linalochelewa

Hapa ndipo hadhira inapoleta kazi ngumu, na chanzo chake ni mwendo wa sauti. Hewa ikiwa na nyuzi joto 20, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Katika joto la pwani huongeza mwendo kidogo. Hiyo ni karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Sikio letu huziunganisha sauti mbili zinazofuatana karibu sana na kuzichukulia kuwa moja, jambo ambalo Mjerumani Helmut Haas alilichunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1949. Zikipishana mno, tunasikia mbili. Kwa mapigo makali ya ngoma, mpaka huo ni mfupi kuliko kwa maneno.

Sasa weka kipaza sauti katikati ya watu, mita 30 kutoka jukwaani. Pigo la dumbaki linaingia kwanza kupitia kipaza sauti cha ngoma hiyo, kisha linaingia tena kupitia kile cha hadhira, milisekunde 87 baadaye. Nyumbani yanasikika mapigo mawili. Fundi asiyejua sababu hukimbilia kukizima kipaza sauti cha hadhira, na tamasha linakufa.

Kipaza sauti cha mbele ya jukwaa nacho kina shida yake. Mtu aliye mita 30 nyuma anapiga makofi kwa kulifuata pigo kama linavyomfikia, yaani limekwisha kuchelewa milisekunde 87. Kofi lake nalo linatumia muda ule ule kurudi mbele. Linapofika jukwaani limechelewa milisekunde 175 hivi. Kwa wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, nafasi ya pigo na pigo ni milisekunde 500, kwa hiyo kofi limeanguka zaidi ya theluthi moja nyuma. Hii ndiyo sababu hadhira hewani husikika kama inaivuta bendi nyuma, ingawa kila mmoja alipiga sawasawa pale aliposimama.

Ufumbuzi ni kuzichelewesha chaneli zote za jukwaa kwa milisekunde zile zile 87, zikutane na kipaza sauti cha katikati ya watu. Hapo pigo na kofi huangukia mahali pamoja. Wengi huogopa kwamba midomo ya mwimbaji na maneno yake vitaachana, lakini picha yenyewe huchelewa. Televisheni ya picha 25 kwa sekunde hutumia milisekunde 40 kwa kila picha, na mitambo ya kubadilisha kamera mara nyingi hula picha mbili au tatu. Pendekezo BT.1359 la shirika la mawasiliano la ITU linaeleza kwamba watazamaji huanza kuona kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125. Kwa maneno mengine, jicho huvumilia zaidi sauti inayochelewa kuliko inayotangulia. Ucheleweshaji unaoponya makofi, ukipimwa vizuri, unaponya na picha.

Mahali pa kuviweka

Chukua ua wa Ngome Kongwe, Unguja, ambako Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004. Hakuna paa, kuna kuta nene za mawe, na tamasha likifanyika Februari, upepo wa kaskazi huwa bado unavuma. Ningeweka jozi mbili za vipaza sauti. Ya kwanza ingekuwa kwenye pembe mbili za jukwaa ikiwatazama watu, nyuma kidogo ya mstari wa spika kubwa ili isipigwe usoni. Ya pili ingekuwa nyuma, kwenye stendi ya mita 4 karibu na meza ya fundi wa ukumbi.

Urefu huo una sababu. Sauti ikiwa wazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kipaza sauti kikiwa usawa wa vichwa, mtu aliye nusu mita atasikika desibeli 18 juu ya aliye mita 4. Mpiga mluzi mmoja anageuka kuwa hadhira nzima. Ukikiinua, watu wote walio chini yake huwa na umbali unaokaribiana, na zinasikika sauti zao kwa pamoja. Kuna na suala la heshima: waliokuja kustarehe hawakukubali maongezi yao ya pembeni yarushwe nchi nzima.

Kipaza sauti kivishwe sponji, na juu yake ngozi ya manyoya ya kuzuia upepo. Kwenye mikisa, sauti zote za chini ya hezi 120 hivi zikatwe katika chaneli za hadhira. Huko chini hakuna kifijo wala kofi. Kuna ngurumo ya spika za besi na upepo tu, na vyote viwili huchafua besi safi iliyotoka jukwaani.

Mkono unaoujua wimbo

Kuna mitambo inayoshusha hadhira yenyewe kila mwimbaji anapofungua kinywa. Kwa hotuba inafaa. Kwa taarabu inaharibu, kwa sababu mtazamaji wa taarabu huitikia ndani ya ubeti.

Sikiliza dakika moja kwa karibu. Kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya 70 na sauti ndogo, inacheza peke yake. Mwimbaji anaingia taratibu, anafika kwenye maneno yenye fumbo. Mwanamke mmoja ameshaelewa linamhusu nani. Anasimama, noti mkononi, anakwenda jukwaani akicheza kumtunza mwimbaji. Wenzake wanapiga vigelegele. Anapofika, naye anapiga kimoja nusu mita kutoka kwenye kipaza sauti cha mwimbaji, kikali kuliko chochote kilichosikika usiku huo.

Fundi aliyejiandaa ameacha nafasi ya kutosha kwenye chaneli ya mwimbaji, kigelegele kisipasuke. Hadhira aliiweka desibeli 12 hivi chini ya muziki wakati wa ubeti. Sasa, neno la mwisho linapokaribia, anaipandisha desibeli 4 kabla ya shangwe kuanza, kwa sababu akisubiri aisikie kwanza, amechelewa. Ubeti unaofuata ukianza, anaishusha polepole, kanuni irudi kusikika. Haizimi kabisa. Sikio la nyumbani huvumilia hadhira ikiwa chini, lakini ikitoweka ghafla, msikilizaji anahisi ametolewa ukumbini.

Ajihadhari pia na kompresa ya mwisho, ile inayobana mchanganyiko wote. Fidla zinaponyamaza, mtambo huo huachia, na kelele za watu zikavimba zenyewe bila mtu kuzigusa. Chaneli za hadhira zipitie njia tofauti, zisibanwe pamoja na bendi.

Hakuna kitufe kinachojua maana ya fumbo. Anayelijua ni fundi aliyesikiliza nyimbo zile kabla ya siku ya tamasha.

Waliomeza muziki, na waliouokoa

Historia inazo pande zote mbili. Agosti 15, 1965, The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Mayowe yaliumeza muziki, na filamu ya onesho hilo ilibidi irekebishwe London, Januari 1966, baadhi ya sauti zikirekodiwa upya. Miaka 20 baadaye, Julai 13, 1985, kipaza sauti cha mmoja wao, Paul McCartney, kilimkatalia katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid, akiwa kwenye piano akiuanza wimbo wa Let It Be. Kwa karibu dakika mbili waliokuwa uwanjani hawakumsikia, na watazamaji wa nyumbani walimsikia kwa shida. Umati ukaimba, na wimbo ukaendelea kuishi mpaka sauti yake iliporudi.

Vienna wameligeuza jambo hili kuwa desturi. Kila Januari mosi, katika ukumbi wa Musikverein, kondakta huigeukia hadhira na kuiongoza ipige makofi ya chini, kisha ya juu, katika Radetzky March ya Johann Strauss baba. Onesho hilo hurushwa na televisheni ya Austria, na kuyaacha makofi yale nje kungekuwa sawa na kumwacha nje mpiga ngoma.

Kwa sababu hadhira ina uzito huo, naipinga shangwe ya kubandika. Mwaka 2020, viwanja vya soka vilipokuwa vitupu, watangazaji wa Uingereza waliongeza kelele zilizorekodiwa, na Sky Sports iliwapa watazamaji nafasi ya kuchagua kuzisikia au la. Hapo kila mtu alijua anachokisikia. Kuchukua vifijo vya usiku mwingine na kuvimwaga kwenye wimbo ambao watu waliupokea kwa utulivu ni kumdanganya msikilizaji na kumdhulumu mwanamuziki, ambaye alistahili kujua wimbo wake ulipokelewaje.

Kijana unayerusha tamasha la mtaani kwenye YouTube kwa mikisa ndogo, huhitaji gari la matangazo. Tenga chaneli mbili. Weka vipaza sauti viwili juu ya vichwa vya watu, kata sauti za chini, pima umbali kutoka vilipo hadi jukwaani kwa mita, zidisha kwa 3, na uzicheleweshe chaneli za jukwaa kwa milisekunde hizo. Kisha vaa hedifoni usikilize makofi yanaangukia wapi, na urekebishe mpaka yakae juu ya pigo. Waandaaji nao, mnapopanga bajeti ya vyombo, hesabuni na wale walionunua tiketi. Chaneli mbili kwa watu mia nane si gharama ya kubishania.