Utangulizi: Jani la Hewani na Jani la Majini

Anayenunua mche wa Cryptocoryne wendtii, mmea wa vijito vya Sri Lanka, akaupanda ndani ya tangi la samaki, mara nyingi huona majani yakilegea na kuyeyuka baada ya siku chache. Wengi huung'oa na kuutupa. Ningependa msomaji aanzie hapo hapo, kwa mmea unaodhaniwa umekufa, maana mizizi na shina lake bado ni hai na kazi kubwa ndiyo kwanza imeanza.

Mashamba mengi ya biashara, kuanzia Denmark hadi Singapore, huikuza mimea ya tangi kama huu mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani. Huko hukua upesi na haisumbuliwi na mwani. Siri ni hewa ya ukaa: katika maji yaliyotulia husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani, hivyo jani lililozama huweza kushinda na njaa hata penye mwanga tele.

Adui wa jani la hewani ni ukavu. Ndiyo maana limepakwa nta, lina stomata, yaani vitundu vya kupitishia gesi, za kufungua na kufunga, na tishu ngumu za kulisimamisha. Jani la majini halina hofu hiyo. Ni jembamba, nta yake ni hafifu, stomata ni chache au hazipo kabisa, na kloroplasti zimejaa hadi kwenye ngozi ili gesi ipenye moja kwa moja. Jani lililokwisha kukomaa kwa umbo moja haligeuki kuwa la pili; sharti mmea uote jingine, na ndiyo kazi inayoanza kwa mche ule wa tangini majani yake ya hewani yanapoyeyuka. Hygrophila difformis huonyesha jambo hili waziwazi: hewani jani lake ni zima, lenye kingo za meno, majini hupasuka-pasuka kama unyoya. Katika baadhi ya mimea, asidi ya absisiki, homoni ileile inayofunga stomata wakati wa kiu, ikitiwa majini hufanya chipukizi lililozama litoe majani ya hewani. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili.

Si kila mmea wa majini una maisha mawili. Vallisneria wa Ziwa Tanganyika huishi umezama, katika maji ya alkali yasiyo na hewa ya ukaa ya kutosha, ukajipatia kaboni kutoka kwenye bikaboneti.

Kwa kuanzia, tafuta Hygrophila moja. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani la hewani, ikikauka ibandue uitazame kwa hadubini. Kisha chukua jani lililoota majini, ulifute vizuri, ufanye vivyo hivyo, na uhesabu stomata za kila moja.