Mavi ya Ng'ombe ni Moto Jikoni na Mbolea Shambani

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni. Nyumba zilizopika kwa bayogesi hazikufika hata moja kwa mia. Jambo hili lastaajabisha, kwani wakulima wengi wa milimani wana ng'ombe wa gredi wanaolishwa zizini, na mavi yao hurundikwa nje yakapigwa na jua na mvua mpaka nguvu yake ikapotea.

Kazi ya bayogesi si ngeni hapa nchini. Mwaka 1957 mkulima wa kahawa, Bwana Tim Hutchinson, alijenga mtambo katika shamba lake, kisha akaanza kuwajengea na wakulima wengine. Alithamini sana mbolea iliyotoka mtamboni, na gesi akaihesabu kuwa faida ya ziada. Wakulima wa leo wakumbuke jambo hilo: anayetaka gesi tu na kuiacha mbolea imwagike amepoteza nusu ya faida yake.

Gesi hupatikanaje?

Mavi huchanganywa na maji, kipimo kwa kipimo, yakamiminwa katika shimo lililojengwa na kuzibwa lisipate hewa. Humo mna vijidudu vinavyoozesha mavi na kutoa gesi inayowaka. Gesi hupanda juu, ikapita katika bomba mpaka jikoni. Mavi yaliyokwisha kuozeshwa hutoka upande wa pili yakiwa kama uji.

Ng'ombe wawili wa gredi wasiotoka zizini huweza kutoa kilo 30 za mavi kwa siku, yaani kama debe moja na nusu. Ukichanganya na maji kiasi hicho hicho, utapata gesi ya kuwasha jiko moja kwa muda wa saa tatu hivi. Hiyo yatosha kupika chai ya asubuhi na chakula cha jioni cha jamaa ndogo. Maharagwe na githeri vitahitaji gesi zaidi, basi huenda ukabaki na haja ya kuni kidogo.

Vijidudu hivi hupenda joto. Mahali penye baridi kali kama Kinangop, mavi hukawia kuoza, kwa hiyo shimo lijengwe kubwa zaidi ili yakae siku nyingi.

Mtambo hulishwa kila siku

Mitambo mingi ilijengwa kwa fedha nyingi, kisha baada ya miaka michache ikaachwa. Wengine waliuza ng'ombe. Wengine walikosa maji wakati wa kiangazi. Wengine walichoka kulisha mtambo. Wengine walikuwa na mapipa ya chuma yaliyoshika kutu, na hapakuwa na fundi wa kuyatengeneza.

Mtambo ni kama ng'ombe wa maziwa: usipoulisha, usitazamie kukamua. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jiulize maswali haya: Je, nina ng'ombe wasiopungua wawili wanaokaa zizini mchana na usiku? Je, nina maji karibu mwaka mzima? Je, ni nani atakayechanganya mavi kila asubuhi? Kama jibu la swali moja ni "hapana," ngoja kwanza. Mwenye ng'ombe wanaochungwa mbali hatapata mavi ya kutosha, na afadhali atumie fedha zake kununua jiko linalobana kuni.

Jinsi ya kutumia mbolea

Uji unaotoka mtamboni usiachwe juani, kwani nguvu yake hupaa hewani. Uchimbie shimo, ulifunike kwa kivuli cha majani au mabati. Uupeleke shambani jioni, uumimine katika mifereji kati ya mistari ya majani ya napia, migomba au sukuma wiki, kisha ufunike kwa udongo. Hivyo majani hulisha ng'ombe, ng'ombe hulisha mtambo, na mtambo hulisha majani. Kila shilingi isiyotumiwa kununua mkaa, gesi ya mtungi na mbolea ya dukani hubaki nyumbani.

Mambo ya kuangalia

1. Usitie mchanga, majani marefu, maji ya sabuni wala dawa ya kuulia viini. Mchanga na majani huziba njia, na sabuni na dawa huua vijidudu.

2. Ukinusa harufu ya mayai mabovu, gesi inavuja. Fungua madirisha, zima moto wote, ufunge bomba. Utafute mahali panapovuja kwa kupaka povu la sabuni juu ya bomba, wala usitumie kiberiti kamwe.

3. Mtu asiingie katika shimo la mtambo kwa sababu yo yote. Ndani hamna hewa ya kupumua, na mtu huweza kufa kwa dakika chache.

4. Tafuta mwashi aliyejifunza kazi hii. Tangu mwaka 2009, ulipoanza mpango wa bayogesi wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, waashi wengi wamefundishwa. Mwombe akuonyeshe mtambo aliojenga miaka mitatu iliyopita, na umuulize mama wa nyumba hiyo kama jiko lake lingali linawaka.

Afisa wa kilimo wa kaunti yako ataweza kukushauri juu ya ukubwa wa shimo unaofaa ng'ombe wako. Mwendee kabla ya kuanza kuchimba.