Vinara wa Vitisho Vifupi: Michezo ya Hadithi Iliyotungwa Saa Ikihesabiwa

Msimulizi akisema "Paukwa!", hadithi haianzi mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Michezo ya hadithi ya kompyuta inafuata kanuni hiyohiyo. Mtunzi anatangulia na maneno, mchezaji anajibu, na bila jibu lake hakuna kinachosogea. Mara nyingi hakuna picha wala muziki, ni maandishi matupu kwenye skrini. Mchezaji anaandika amri kama "fungua mlango", au anagusa neno lililotiwa rangi, na hadithi inamjibu.

Katika fani hii kuna tawi dogo ninalolipenda kuliko yote: hadithi za kutisha zinazotungwa kwa masharti makali, iwe ni saa chache, siku mbili, au idadi ndogo ya maneno. Wapo wanaodhani kazi iliyofanywa upesi hivyo haiwezi kuwa na uzito. Mimi nashikilia kinyume chake. Hofu hukua pale mtunzi anapokosa nafasi ya kueleza kila kitu, na vinara wafuatao ndio ushahidi wangu.

Changamoto mashuhuri kuliko zote: Geneva, 1816

Aprili 1815, volkano ya Tambora katika Indonesia ya leo ililipuka kwa nguvu iliyovuruga hali ya hewa ya dunia, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Juni 1816, kundi la Waingereza waliopanga kando ya Ziwa Geneva lilifungiwa ndani na mvua. Katika jumba la Villa Diodati, mshairi Lord Byron akatoa rai kwamba kila mmoja wao atunge hadithi ya mizimu.

Byron, aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote, aliacha kipande tu. Waliofika mbali ni wale ambao hakuna aliyewatazamia: Mary Godwin, msichana wa miaka 18 ambaye baadaye aliolewa na mshairi Percy Shelley, na daktari wa Byron, John Polidori, kijana wa miaka 20. Mary alianza pale kitabu cha *Frankenstein*, kilichotoka mwaka 1818. Polidori alikichukua kipande cha Byron na kukigeuza kuwa *The Vampyre*, hadithi ya mnyonya damu iliyochapishwa 1819. Kila shindano la kutunga vitisho kwa masharti linafuata nyayo za jumba lile, hata kama washiriki hawajui.

Mzee wa ukoo: The Lurking Horror, 1987

Kampuni ya Infocom ya Marekani, iliyoanzishwa 1979 na watu wa chuo cha MIT, ndiyo iliyotawala biashara ya michezo ya maandishi katika miaka ya 1980. Mchezo wake wa kwanza wa kutisha ulikuwa *The Lurking Horror*, kazi ya Dave Lebling, mmoja wa watunzi wa mchezo wa *Zork*. Mchezaji ni mwanafunzi aliyekwama chuoni usiku wa dhoruba ya theluji, akihangaika kumaliza kazi aliyopewa na mwalimu, huku chini ya majengo kuna viumbe vya aina aliyoizoea mwandishi wa hadithi za kutisha H. P. Lovecraft. Ndani ya boksi la mchezo kampuni iliweka tandu wa mpira, ili mnunuzi ashtuke kabla hata hajawasha kompyuta.

Huu haukutungwa kwa saa chache. Nimeuweka hapa kwa sababu ulithibitisha jambo ambalo watunzi wote waliofuata walilitegemea: maneno peke yake, kwenye skrini, yanaweza kumtia mtu mzima baridi ya mgongo.

Muda mfupi zaidi wa kutunga: saa 2

Mwaka 1998 David Cornelson alianzisha utaratibu uitwao Speed-IF. Washiriki hupewa wazo, mara nyingi mchanganyiko wa vitu visivyohusiana kabisa, kisha kila mmoja hukaa kwenye kompyuta yake na kumaliza mchezo mzima ndani ya takriban saa 2. Kumbuka kwamba kumaliza maana yake si kuandika hadithi tu. Lazima pia kompyuta ifundishwe kuelewa amri za mchezaji, milango ijue kufungwa na kufunguka, na taa ijue kuzimika. Makosa ya tahajia husamehewa. Kinachotafutwa ni wazo moja lililokamilika.

Shindano lililojitoa zaidi kwa vitisho: EctoComp

Mwaka 2007 J. J. Guest aliichukua kasi hiyo akaipeleka kwenye msimu wa Halloween, usiku wa 31 Oktoba ambao nchi nyingi za Magharibi huuhusisha na mizimu na wachawi. Shindano lilianza kwa watunzi waliotumia ADRIFT, programu ya kutungia michezo ya hadithi, likiwapa muda wa saa 3. Baadaye lilifungua mlango kwa programu zote, na kwa lugha ya Kihispania pia.

Siku hizi lina makundi mawili. La kwanza, La Petite Mort, ni la michezo iliyotungwa kwa muda usiozidi saa 4. La pili, Le Grand Guignol, ni la waliotumia muda zaidi ya huo. Hakuna msimamizi anayekaa nyuma ya mtunzi na saa mkononi. Kinachotegemewa ni uaminifu wa mtunzi mwenyewe, na kwangu hilo ni sehemu ya heshima ya shindano hili.

Kundi la pili limepewa jina la ukumbi mdogo wa Paris uliofunguliwa 1897 na kufungwa 1962, ambao usiku mmoja ulionyesha michezo kadhaa mifupi ya jukwaani, mingi ikiwa ya damu na wazimu. Nyota wake Paula Maxa ndiye mwenye rekodi isiyo na mpinzani: inasemwa kwamba aliuawa jukwaani zaidi ya mara 10,000. Wenye ukumbi ule walijua kwamba hofu fupi hurudiwa na haichoshi, na mtazamaji alirudi wiki iliyofuata.

Zamu chache zaidi: Aisle, 1999

Kwa zamu, hakuna anayeweza kuushinda mchezo wa Sam Barlow wa Uingereza. *Aisle* una zamu 1 tu. Mwanamume amesimama na toroli lake dukani, usiku wa Alhamisi, mbele ya rafu ya vyakula. Unaandika amri moja, unapata jibu moja, na mchezo umekwisha. Halafu unarudi mwanzo na kuandika amri nyingine.

Miisho inazidi 100. Katika mmoja mwanamume ni mpweke asiye na neno. Katika mwingine ana kumbukumbu nzuri ya safari ya Roma. Katika mwingine unaanza kuogopa kukaa naye kwenye ujia ule. Zimwi halimo, na bado ni vigumu kupata hadithi inayokuacha na wasiwasi kiasi hiki juu ya mtu wa kawaida. Barlow baadaye aliandika *Silent Hill: Shattered Memories*, mchezo mkubwa wa kutisha uliotoka 2009.

Sekunde chache zaidi: 10

Agosti 2013, shindano la Ludum Dare, ambalo tangu 2002 limekuwa likiwapa watu saa 48 kutengeneza mchezo, lilichagua mada ya sekunde 10. Mtunzi Anna Anthropy akatoa *Queers in Love at the End of the World*. Dunia inakwisha, mpenzi wako yuko mbele yako, na saa ya kwenye skrini inashuka kutoka 10. Viungo vya kugusa ni vingi kuliko muda ulionao. Kila unapochagua neno moja, umeyapoteza mengine, na sifuri ikifika kila kitu kinafutika. Michezo mingine humbana mtunzi. Huu unambana mchezaji naye, na hofu ya kukosa muda inakuwa yako mwenyewe.

Nafasi ndogo zaidi: Shade, 2000

Andrew Plotkin ni miongoni mwa watunzi wanaoheshimiwa kuliko wote katika fani hii. *Shade* wake unafanyika katika nyumba ya chumba kimoja, kabla ya alfajiri, siku ya safari ya kwenda jangwani. Una orodha ya mambo ya kufanya na una kiu. Unatafuta maji. Kila unachokigusa kinafanya kazi yake ya kila siku, mpaka kinapoacha, na mchanga unaanza kuonekana mahali pasipo na sababu ya kuwa na mchanga.

Unachezwa na kumalizika kwa kikao kimoja. Hakuna anayekufukuza. Ukatili wake ni kwamba hakuna kinachoharibika ila kwa amri uliyoiandika wewe. Msomaji wa riwaya anaweza kumlaumu mhusika kwa kufungua mlango asioufahamu, lakini hapa mlango umeufungua wewe.

Maneno machache zaidi: 300

Mwaka 2015 mtunzi Porpentine aliitisha Twiny Jam, kwa sharti moja: mchezo usizidi maneno 300. Michezo zaidi ya 200 ilipokelewa. Maneno 300 hayatoshi kueleza asili ya laana wala sura ya jini. Yanatosha kuweka mlango, sauti nyuma yake, na viungo viwili vya kuchagua.

Zimwi linalostahili huruma zaidi: Coloratura, 2013

Shindano kubwa la fani hii, IFComp, limefanyika kila mwaka tangu 1995, na majaji wake hutoa alama kwa kile walichokicheza ndani ya saa 2 za kwanza. Sharti hilo limewafundisha watunzi wa vitisho kwenda moja kwa moja kwenye jambo. *Vespers* wa Jason Devlin, unaotupeleka kwenye monasteri ya Italia iliyovamiwa na tauni, ulishinda 2005. Mwaka 2013 ukashinda *Coloratura* wa Lynnea Glasser, ambapo mchezaji ndiye zimwi. Umetolewa chini ya bahari, umefungwa melini, na unachotaka ni kurudi kwenu. Mabaharia wanakimbia na kupiga kelele, nawe kwa muda mrefu huelewi kwamba wanakuogopa wewe. Katika orodha hii yote, sijaona kazi iliyogeuza hofu kuwa huruma vizuri kuliko hii.

Mrefu wa kupimia wafupi: Anchorhead, 1998

Haki inadai nimtaje mmoja wa upande wa pili. *Anchorhead* wa Michael Gentry ni mchezo mkubwa, wenye mji mzima wa pwani ya Massachusetts na siri za ukoo mmoja, na ulitolewa upya kwa michoro mwaka 2018. Ni kazi bora, na unahitaji siku kadhaa kuumaliza. Lakini utakachokikumbuka baada ya hapo ni matukio machache, kila moja likiwa fupi kama mchezo uliotungwa kwa saa 4.

Chombo kilichofungua mlango kwa wengi zaidi: Twine

Mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, programu ya bure ambayo haimdai mtunzi ajue kuandika msimbo wa kompyuta. Unaandika kifungu, unaweka kiungo, unaandika kifungu kinachofuata. Mwishoni unapata faili moja linalofunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu. Lugha si kizuizi, kwa kuwa mchezaji anagusa kiungo na programu haihitaji kuchambua sarufi ya amri zake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: katika vitisho vya maandishi, sharti la muda ni msaada kwa mtunzi, kwa sababu linamkataza kufafanua, na hofu hufa inapofafanuliwa. Neno langu kwa wewe unayeandika Kiswahili ni moja. Hadithi za majini, mazimwi na nyumba zisizolalika unazo tangu utotoni. Pakua Twine, jipe jioni moja na maneno 300, kisha mpe rafiki yako aguse kiungo cha kwanza.