Sumaku yatumiwa kuielekeza dawa ya saratani

Kama umewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani kwako, huna haja ya kusimuliwa yanayofuata baada ya dawa kutiwa mshipani. Jioni ya kwanza mgonjwa hurudi akitembea mwenyewe, hata akaomba chai. Siku ya tatu harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni humtapisha. Wiki mbili tatu zikipita, nywele zinabaki juu ya mto. Mdomo unajaa vidonda hata uji unamwasha. Wapo wagonjwa ambao hufikia kusema, "Heri ugonjwa wenyewe," wakakataa kurudi hospitali.

Makala haya yanahusu wazo moja la wanasayansi la kupunguza mateso hayo: kuifunga dawa kwenye chembe ndogo mno za chuma, kuzitia chembe hizo katika damu, halafu kuzivuta kwa sumaku hadi mahali penye uvimbe. Ni wazo rahisi kueleza. Kulitekeleza ni kazi nyingine kabisa, na ni vyema ujue limefika wapi ili usidanganywe na mtu.

Tuanze na dawa yenyewe. Miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana dhidi ya saratani ya matiti, ya damu na nyinginezo ni ile iitwayo doksorubisini. Ni dawa nyekundu kama sharubati, na mgonjwa asipoambiwa mapema hushtuka sana akienda haja ndogo na kuona mkojo umegeuka rangi. Dawa hii ilitokana na viini vidogo vya udongoni nchini Italia, na moja ya majina yake ya kibiashara lilitolewa katika jina la bahari ya Adriatic iliyo karibu na huko. Inafanya kazi kwa kujipenyeza katika kiini cha seli na kuizuia isigawanyike.

Taabu ni kwamba dawa haina macho. Seli za saratani hugawanyika kwa haraka, lakini hata zile zinazootesha nywele, zinazofunika utumbo na zinazotengeneza damu ndani ya mifupa hugawanyika kwa haraka. Zote zinapigwa pamoja. Ni sawa na mkulima anayenyunyizia shamba zima dawa ya kuua magugu ilhali gugu limeota kwenye pembe moja tu. Isitoshe, doksorubisini huweza kuudhuru moyo, na madhara hayo hujilimbikiza. Ndiyo sababu daktari huhesabu jumla ya dawa ambayo mgonjwa amepewa maishani mwake, na kikifika kiwango fulani husimamisha, hata kama uvimbe ulikuwa unaendelea kupungua.

Sasa fikiri kama ingewezekana dawa hiyo iende kwenye uvimbe tu.

Chembe yenyewe

Chembe tunazozizungumzia hupimwa kwa nanomita. Ukigawanya mita moja mara bilioni moja, kila kipande ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una unene wa kama nanomita 80,000. Chembe ya nanomita 100, ambayo ni ukubwa wa kawaida katika kazi hii, ni ndogo kiasi kwamba ungehitaji kupanga 800 ubavu kwa ubavu ili kuufikia unene wa unywele mmoja. Hata chembe nyekundu ya damu ni jitu mbele yake.

Katikati ya chembe hiyo mna oksidi ya chuma, ndugu wa karibu wa kutu. Chuma kikiwa kidogo namna hiyo hupata tabia ya ajabu. Ukisugua msumari kwa sumaku, msumari nao hugeuka sumaku na hubaki hivyo kwa muda. Hizi chembe sivyo. Sumaku ikiwa karibu zinavutwa. Sumaku ikiondolewa zinasahau papo hapo. Na ni bahati njema, kwa maana kama zingebaki sumaku zingenatana ndani ya mishipa na kuiziba.

Juu ya chuma hupakwa koti. Koti hili hutengenezwa kwa vitu kama wanga, au dekstrani ambayo ni jamii ya sukari, na lina kazi zaidi ya moja. Huzuia chembe zisishikane. Hubeba dawa, ama imefungwa juu yake ama imejificha ndani. Tena huwahadaa walinzi wa mwili. Katika ini na bandama zetu mna seli ambazo kazi yake ni kukamata kitu chochote kigeni kinachopita katika damu na kukimeza. Chembe isiyo na koti hukamatwa mara moja. Yenye koti zuri hupita mara kadhaa kabla ya kugunduliwa.

Usiogope kwamba chuma kitakaa mwilini milele. Mwili hukivunjavunja na kukichanganya katika akiba yake ya madini ya chuma. Nchini Marekani, mwaka wa 2009, iliidhinishwa dawa ya kuongeza chuma iitwayo ferumoksitoli, ambayo ni chembe za namna hii zilizovikwa koti la jamii ya sukari, kwa ajili ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Hata hivyo mwaka wa 2015 wakuu wa dawa wa huko waliiongezea onyo kali, kwa kuwa wagonjwa wachache miili yao iliikataa ghafla na wengine wakafariki. Koti zuri halimaanishi hakuna hatari.

Kutoka mkia wa panya hadi Berlin

Miaka ya 1970 watafiti wa Chicago walitengeneza vidonge vidogo sana vya protini ya damu, ndani yake wakatia doksorubisini na chuma. Walivijaribu katika mkia wa panya. Mkia ulichaguliwa kwa werevu: ni mwembamba, na sumaku huweza kubanwa karibu kabisa na mishipa yake. Dawa ikakaa pale pale ilipotakiwa.

Binadamu walifikiwa baadaye. Mwaka wa 1996 daktari Andreas Lübbe na wenzake wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio la kwanza. Wagonjwa walikuwa 14, wote wakiwa na saratani iliyokwisha enea na kushinda matibabu mengine. Walitiwa chembe zilizobeba epirubisini, dawa ya ukoo mmoja na doksorubisini, na sumaku zikawekwa juu ya uvimbe. Karibu nusu yao, chembe zilielekezwa zikafika. Nusu nyingine hazikufika sawasawa, na sehemu kubwa ya chembe iliishia kwenye ini. Jaribio hilo halikukusudiwa kuponya, lilikusudiwa kuona kama jambo lenyewe ni salama. Lilionekana kuvumilika.

Habari iliyowatia watu moyo zaidi ilitoka Munich, Ujerumani pia, mwaka wa 2000. Christoph Alexiou na wenzake waliwatibu sungura wenye uvimbe wa saratani kwenye mguu wa nyuma. Chembe zenye dawa ya mitoksantroni zilitiwa moja kwa moja katika mshipa unaopeleka damu kwenye uvimbe, na sumaku yenye nguvu ya tesla 1.7 ikaelekezwa pale. Nguvu hiyo ni zaidi ya mara mia ya ile ya kisumaku unachobandika kwenye jokofu. Sungura walipewa nusu tu ya kipimo cha kawaida, na wengine asilimia 20. Uvimbe ukatoweka kabisa, na wanyama hawakuonyesha yale madhara tunayoyajua. Waliopewa chembe bila sumaku hawakupona hivyo.

Kasoro

Basi kwa nini mgonjwa wako hapati tiba hii leo?

Chukua pini na sumaku uone mwenyewe. Ukiisogeza sumaku karibu, pini inarukia. Irudishe nyuma kiasi cha shubiri moja, pini haitikisiki. Nguvu ya sumaku hupungua kwa kasi kadiri inavyokuwa mbali. Uvimbe ulio chini ya ngozi, shingoni au mguuni, unafikika. Ule ulio ndani ya kongosho au katikati ya pafu ni shida, na damu nayo haisimami kungoja. Hupita mbio ikizisomba chembe. Na saratani iliyokwisha tawanyika mwili mzima utaiwekea sumaku ngapi?

Kampuni moja ya Marekani ilijaribu njia hii kwa saratani ya ini, ikafika hatua za mbele, kisha ikasimamisha majaribio mwaka wa 2004 kwa sababu matokeo hayakufikia yaliyotarajiwa. Na mwaka wa 2016 wachunguzi waliopitia tafiti za miaka kumi kuhusu chembe za nanomita za kila aina, nyingi zikiwa za panya, waligundua kwamba kwa wastani asilimia 0.7 tu ya kilichotiwa mwilini ndicho hufika kwenye uvimbe. Binafsi takwimu hiyo ilinifanya niisome mara mbili.

Chembe za sumaku zimefanya vizuri zaidi bila kubeba dawa. Kikundi cha Andreas Jordan wa Berlin kilipata idhini ya Ulaya mwaka wa 2010 kwa chembe zinazodungwa ndani ya uvimbe wa ubongo, kisha mgonjwa akawekwa katika uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde. Chembe hupata moto na kuichoma saratani ikiwa pale pale. Mgonjwa hulazimika kwanza kung'olewa vijazio vya madini vilivyo kwenye meno.

Sasa neno la wazi. Hakuna mpaka leo dawa ya saratani inayoelekezwa kwa sumaku ambayo imeidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Ukimwona mtu anauza bangili, mkanda au godoro la sumaku akidai linatibu saratani kwa "teknolojia ya nano", jua hicho si tulichokieleza hapa. Sumaku bila chembe katika damu haina cha kuvuta. Chuma kilicho ndani ya damu yako hakivutwi na bangili. Lau kingevutwa, mashine ya MRI ingeua kila anayeingizwa ndani.

Na ikiwa nyumbani kuna mtu anayetaka kuacha dawa kwa ajili ya madhara, mpeleke kwa daktari wake mzungumze kabla hajaacha. Zipo dawa za kuzuia kutapika, na mara nyingi kipimo cha dawa au ratiba huweza kubadilishwa. Kama dawa yake ni ile nyekundu, ulizeni moyo wake ulipimwa lini mara ya mwisho, na amekwisha pokea kiasi gani kwa jumla. Andikeni jibu kwenye daftari na mwende nalo kila kliniki.