Hisabati ya Kuandika Sentensi

Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger alichapisha makala kuhusu mwanafunzi wa Marekani wa miaka 12, aliyempa jina la Benny. Shuleni kwao kila mtoto alifanya mazoezi ya hisabati kwa kasi yake, na kazi ilisahihishwa kwa kulinganisha majibu na yale yaliyokwisha kuandaliwa. Benny alihesabiwa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Erlwanger alipokaa naye na kumwuliza anayapataje majibu, alikutana na maajabu. Kugeuza sehemu kuwa desimali, Benny alijumlisha namba ya juu na ya chini, kisha akatia nukta: 2/10 kwake ni 1.2. Kwa kanuni hiyo 4/11 na 11/4 zote zikawa 1.5, wala halikumsumbua.

Akina Benny tunao tele, ila hatuwaoni, kwa kuwa tunasahihisha jibu. Kenya, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimtaka mtahiniwa wa hisabati achague herufi tu. Mwalimu atasema yeye husisitiza “onyesha njia”. Ni vyema, lakini njia inaeleza kalamu ilipita wapi. Sababu ya kupita huko haionekani.

Sababu huonekana mtoto anapoandika sentensi. Andika ubaoni: “Mwenzako amepata 1/2 + 1/3 = 2/5. Mweleze kwa maandishi kwa nini haiwezekani, bila kumpa jibu sahihi.” Mmoja ataandika: “Hakutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili.” Mwingine: “2/5 haifiki nusu, na nusu alikuwa nayo tangu mwanzo.” Wa kwanza anakumbuka kanuni, na katika mtihani atapata vema. Wa pili anajua ukubwa wa namba anazozishika. Kwenye daftari la kawaida wote wawili wangeandika 5/6, wakapewa alama sawa. Mimi yule wa kwanza ndiye anayenitia wasiwasi.

Zoezi jingine ninalolipenda ni kugeuza kibao: badala ya kuwapa wanafunzi hesabu za mafumbo, wazitunge wao. Wape 13 ÷ 4 na uwaambie watunge mafumbo matatu, moja jibu lake liwe 3, la pili 4, la tatu 3 na robo. Mwanzoni watalalamika kwamba hesabu moja haiwezi kuwa na majibu matatu. Kisha mmoja atakumbuka bajaji: watu 13, kila safari abiria wanne, basi safari ni nne, maana yule wa mwisho hawezi kuachwa kituoni. Mayai 13 yakipangwa mannemanne hujaza mafungu matatu, moja linabaki. Chapati 13 kwa watoto wanne ni tatu na robo kila mmoja. Aliyetunga haya amejifunza mengi zaidi kuhusu baki kuliko aliyegawanya mara ishirini.

Si kila maandishi yana faida. “Andika ulivyolifurahia somo la leo” huzaa sifa za mwalimu, basi. Na kalamu nyekundu ikianza kuwinda makosa ya tahajia, wiki ijayo utapewa sentensi fupi zilizo salama, zisizosema kitu.

Lugha nayo ina uzito wake. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma hisabati kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anaikuta kwa Kiingereza. Ukimtaka aeleze fikra zake kwa lugha ambayo bado anaitafuta, atanakili mfano wa kitabuni. Aandike kwanza kwa Kiswahili, kutafsiri kutafuata.

Najua swali linalokuja: darasa lina wanafunzi 80, nani atasoma yote hayo? Hakuna. Dakika tano za mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi. Wewe chomoa kumi bila kuchagua, zisome ukiwa na chai yako, usitoe alama. Kesho yake nakili ubaoni mbili zinazopingana, bila majina, uwaachie wabishane kabla hujagusa chaki tena.